Godoro la Kondoo

Asubuhi za kwao zilianza kwa maziwa. Bibi Dulmaa alitoka nje ya hema la duara na kijiko kirefu cha mti, akarusha matone mbinguni, upande huu na upande ule, akiwaombea watu na mifugo. Kisha alirudi ndani na kumvuta mjukuu wake kidole gumba cha mguu.

"Amka, Udval. Jua limeshakunywa chai, wewe bado."

Udval alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na kuamka kwake kulikuwa safari. Macho yalitangulia, mwenyewe akafuata baadaye sana, pengine baada ya bakuli la pili la chai ya chumvi. Alipokusanya samadi kavu ya kuwashia jiko, na alipofungua zizi kondoo wakamiminika kuelekea mbugani, nusu yake ilikuwa bado inaelea mahali fulani juu ya nyasi. Kwao walimzoea hivyo hivyo. Baba yake, Gombo, alikuwa akisema ukimtuma Udval maji asubuhi, jioni utayapata, tena na hadithi juu yake.

Kiangazi kilikuwa kinaisha. Mama alikuwa ameshatangulia mjini, kwa sababu alipika kwenye bweni la shule ambako Udval naye alisoma. Waliobaki walikuwa wamekuja makao ya baridi, chini ya kilima kinachokinga upepo, kuyatengeneza kabla ya theluji. Baba alikata nyasi na kuzirundika. Bibi aliketi mlangoni, miwani puani, akishona makoti ya wanakondoo kutokana na vipande vya sufu nzito ya hema kuukuu. Lakini kazi iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa ndani ya zizi lenyewe, nayo ilikuwa kazi ya godoro.

Kondoo hana blanketi wala kitanda. Analala juu ya samadi yake mwenyewe, na baridi ikiwa kali, samadi hiyo ndiyo inayomtenga na ardhi iliyoganda. Ikiwa kavu, kondoo hulala kama mtoto wa tajiri. Ikiwa mbichi, joto la tumbo lake linaamsha maji yaliyojificha chini, sufu inalowa, na kufika alfajiri imeganda barafu. Ndiyo maana kila mwaka, jua likiwa bado na nguvu, watu hukata samadi iliyoshindiliwa na kwato majira yote ya baridi, wakaitoa kwa mabamba na kuyapanga yakauke yawe kuni. Tabaka la chini lililo bichi huligeuza leo, kesho na kesho kutwa, mpaka liwe jepesi kama pumba. Hapo ndipo hulitandaza. Asiyefanya hivyo huhesabu ngozi badala ya wanakondoo.

Baba aligawa zizi kwa ncha ya koleo lake.

"Sehemu hii yote yangu. Ile kona ya ukuta wa kaskazini yako."

"Mbona mimi nimepewa kona ya kivuli?" Udval aliuliza.

"Kwa sababu ni ndogo, na wewe ni mdogo. Lakini sikia, ndiyo mbichi kuliko zote. Igeuze kila siku. Usitandaze mpaka ukiibana mkononi ikuponyoke kama mchanga. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba."

"Umeelewa wewe, au ameelewa yule mwenzako anayeelea huko juu?"

Bibi alicheka mpaka akajidunga sindano.

Siku ya kwanza Udval alifanya kazi kama punda. Alikata, akabeba, akageuza, na jioni alisinzia bakuli mkononi hata chai ikamwagikia joho. Kesho yake, jua lilipopanda, alikwenda nyuma ya ukuta kupumzika kidogo tu. Hiyo "kidogo tu" ndiyo iliyomponza.

Nyuma ya ukuta palikuwa na mawe meupe madogo, laini, ya aina ambayo watoto wa huko huyageuza mifugo. Udval alipanga zizi la mawe. Akaweka kondoo wa mawe meupe, mbuzi wa mawe ya kijivu, ngamia wawili wa mawe yenye vinundu. Akajenga hema kwa kokoto na kulitilia moshi wa unyoya. Katika makao yake yale baridi ilikuja na kuondoka, wanakondoo walizaliwa mapacha mapacha, na hakuna aliyekufa. Juu kabisa korongo walipita katika mstari mrefu kwenda kusini wakilia, na sauti yao ilikuwa kama mtu anayefungua na kufunga mlango wa mbali. Udval alilala chali kuwatazama hadi wa mwisho akamezwa na anga. Alikuwa na furaha sana siku ile, na hilo nalo lazima lisemwe.

Aliyemwamsha ni farasi aliyempumulia usoni. Juu ya farasi alikaa Zolbayar, mtoto wa majirani wa ng'ambo ya kilima, aliyemzidi mwaka mmoja na maneno elfu.

"Ee mama mwenye mifugo! Hao kondoo wako wa mawe wamenona kweli kweli. Je, na wale wenye miguu?"

"Nenda zako, Zolbayar."

"Mimi kona yangu nimeshaimaliza jana."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Nimejitolea tu kukueleza," alisema Zolbayar, akaondoka mbio akicheka.

Siku ya tatu mawingu yalitanda, hakukuwa na jua la kukausha chochote. Jioni yake baba alisema, "Fungasha vitu vyako. Kesho alfajiri nakupeleka shule."

Udval alikimbia zizini. Alichukua konzi la samadi ya kona yake akaibana. Haikuponyoka kama mchanga. Ilibaki mkononi, nyeusi, baridi, ikiwa na alama za vidole vyake vyote vitano. Kumwambia baba maana yake ni kuonekana mvivu mbele ya bibi, na baba alikuwa amechoka, na pikipiki ilikuwa imeshatiwa mafuta. Upande wa pili palikuwa na rundo la baba, kavu, jepesi, likipeperuka kwa upepo mdogo tu.

Alichukua debe. Akanyunyiza samadi ya baba juu ya kona yake, safu nyembamba, akaisawazisha kwa ubao wa reki. Alipomaliza, hata yeye mwenyewe asingejua lililo chini.

Bibi Dulmaa alikuja na fimbo yake. Akaisugua kona kwa ncha ya kiatu, vumbi likaruka.

"Hebu tazama! Laini kama unga. Gombo, njoo uone kazi ya mwanao! Nami nilidhani mtoto huyu kazi yake kuota tu."

Bibi alimshika Udval kichwa kwa mikono miwili akamnusa paji la uso, kama wanavyofanya kwao kwa mtoto wanayempenda, na busu lile lilimchoma kuliko kofi.

Bwenini Udval aliota ndoto ileile mara nyingi. Alikuwa akitembea juu ya uwanja mpana mweupe, mzuri, usio na alama ya mguu, na kila alipokanyaga, chini palisikika maji. Alipoamka alisikiliza mvuke ukigonga kwenye mabomba ya ukutani, akajiambia kuwa upepo wa mwezi mzima umeshaikausha ile kona. Mchana aliamini, lakini usiku hakuamini. Theluji ya kwanza ilipogusa vioo vya darasa, wenzake walishangilia, yeye akatazama daftari lake.

Shule ilipofungwa kwa likizo fupi, baba alimfuata na pikipiki. Mama alibaki na wanafunzi wasio na pa kwenda. Njiani ardhi ilikuwa imeganda ngumu, nyasi zilikuwa za rangi ya chai, na milima ilionekana kama imeinuliwa kidogo kutoka mahali pake. Udval alijificha nyuma ya mgongo wa baba.

"Kondoo hawajambo?" alipaza sauti.

"Wengi hawajambo," baba alijibu.

Kundi lilipokuwa linarudi jioni, Udval alimwona Sikio. Huyu alikuwa kondoo wake mwenyewe, jike mweupe mwenye sikio moja jeusi, aliyeachwa na mama yake masika mawili yaliyopita, akalelewa kando ya jiko kwa chupa. Walilala pamoja wiki nyingi, yeye na mtoto yule wa kondoo, hata bibi akawa anauliza ni yupi anayenuka sufu zaidi. Masika yajayo Sikio alitarajiwa kuzaa kwa mara ya kwanza.

Sikio alimjia, lakini hakukimbia. Mifupa ya mgongo ilihesabika chini ya sufu, na tumboni alining'iniza vinundu vya barafu vilivyogongana alipotembea.

"Baba, ana nini?"

"Ugonjwa ambao siujui," alisema baba. "Halali. Usiku kucha amesimama. Kondoo asiyelala hacheui, na asiyecheua hanenepi. Nimempa dawa, nimempa nyasi za peke yake. Hakuna kitu."

"Basi atapona."

Baba alivua kofia akajikuna kichwa. "Udval, wewe ni mtoto wa wafugaji, sitakuficha. Huyu hafiki masika. Kesho nachinja nyama ya baridi, na yeye atakuwemo. Heri afe kwa mkono wetu kuliko kwa kuganda."

Udval alimtazama bibi. Bibi aliinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga, na hakumpinga mwanawe.

Kondoo waliingia zizini, na Udval akasimama langoni akawaangalia. Wenye nguvu, madume na majike makubwa, walikwenda moja kwa moja katikati, sehemu ya baba, wakapiga magoti na kulala wakishusha pumzi. Wadogo na wanyonge walijaribu kujipenyeza, wakasukumwa kwa paji la uso, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakakusanyika ukutani, upande wa kaskazini. Walisimama pale, hakuna aliyelala. Sikio alikuwa nyuma kabisa.

Udval alipita katikati yao. Alivua glavu, akafukua kwa kucha ile safu nyembamba ya juu. Chini yake vidole vilikuta tope la barafu. Alijua sasa ugonjwa wa Sikio ni nini, na alijua jina la aliyeuleta.

Jioni ile alitaka kusema. Supu ya tambi ilikuwa tamu, baba alikuwa akisimulia jinsi Zolbayar alivyoanguka kutoka juu ya ngamia, bibi alicheka hadi akakohoa, na kila maneno yalipomfika Udval kooni yalirudi chini pamoja na tambi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Lakini Udval aliyekuwa akificha alikuwa mzima, na kilio kilikuwa kinamwendea mwingine.

Asubuhi mbingu ilikuwa na rangi ya maziwa, na jua lilikuwa na duara pana kulizunguka. Bibi alirusha maziwa yake, akatazama duara lile, akasema, "Theluji itafika kabla ya jioni, tena si ya kitoto." Baba alikunja mikono ya joho, akaingia zizini, akamshika Sikio mguu wa nyuma. Sikio hakupigana. Alimfuata tu, sikio jeusi limeanguka.

"Baba!"

"Rudi ndani, mwanangu. Usitazame."

"Baba, si mgonjwa!"

"Nimesema rudi ndani."

"Si mgonjwa! Ni mimi!" Udval alijirusha akamkumbatia kondoo shingoni, sauti ikamtoka kwa vipande. "Sikugeuza. Niligeuza siku moja tu. Nilicheza. Nikachukua samadi yako kavu nikanyunyiza juu, chini ni mbichi, baba, ni tope tupu, ndiyo maana hawalali, wanaganda. Sikio hana ugonjwa wowote. Usimchinje, nichape mimi."

Baba hakumchapa. Alimwachia kondoo mguu, akachukua mtaimbo, akaenda kona ya kaskazini akaupiga chini. Gamba likapasuka, na maji meusi yakabubujika taratibu kandokando ya chuma.

"Nimemhukumu kondoo," alisema, "kwa kosa la mwanangu." Kisha akamgeukia. "Na ungeniacha nichinje?"

"Nilitaka kusema jana. Niliogopa."

"Jana! Wewe ulitakiwa kusema kabla shule haijafunguliwa!" Hapo sauti yake ilipanda hata mbwa akainuka. "Wakati jua lipo! Leo ardhi ni jiwe, na theluji iko mlangoni. Samadi kavu nitaitoa wapi mimi? Nisage kuni zetu, kisha bibi yako apikie nini?"

Bibi Dulmaa alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Na mimi," alisema polepole, "nilikwenda kwa Mama Zolbayar nikajisifu. Mchana kutwa nilimsifu huyu mtoto. Nikala maandazi yake yote nikisifu."

Hiyo ndiyo iliyomliza Udval hasa.

Kilio kilipopungua, bibi alimfuta pua kwa ncha ya mshipi wake. "Haya. Machozi ni maji, na maji tunayo ya kutosha pale konani. Banda la akina Zolbayar limejaa samadi kavu, walibakiza nyingi mwaka huu. Nani ataenda kuomba?"

Baba alitazama mtaimbo. Bibi alitazama fimbo yake. Hata mbwa alitazama pembeni.

"Nitaenda mimi," alisema Udval.

Alivuka kilima kwa miguu, pumzi yake ikimtangulia. Kwa mbali aliita kama inavyotakiwa, "Hodi! Shikeni mbwa!" na Mama Zolbayar akatoka akiwa na unga mikononi. Mgeni wa huko hafiki tu akasema shida yake. Udval alipewa chai, akaipokea kwa mkono wa kulia. Aliulizwa kama mifugo imenona, na hapo mtu hujibu imenona hata kama imekonda.

"Haijanona, mama," alisema. "Na kosa ni langu."

Akaeleza yote, bila kuruka hata lile la mawe meupe. Zolbayar, aliyekuwa akishona hatamu karibu na jiko, aliruka juu.

"Mama, umesikia? Umesikia kwa masikio yako? Tangu mwezi ule mimi nasemwa! 'Mwige Udval, mwone Udval, Udval katandika kama unga!' Kumbe unga wenyewe wa kuazima!"

"Kaa chini wewe," alisema Mama Zolbayar, lakini kona za midomo zilimcheza. Halafu uso wake ukawa mzito. "Udval, umenipa aibu. Nimemsema mwanangu bure kwa ajili yako."

"Ndiyo, mama. Naomba radhi. Na wewe pia, Zolbayar."

Zolbayar hakutegemea hilo. Alijikuna shingo. Alikuwa na maneno mengine kumi tayari, akakosa pa kuyaweka.

"Duara la jua umeliona?" Mama Zolbayar aliuliza akijipangusa unga. "Basi tusikae hapa tukahojiana. Zolbayar, mlete ngamia. Magunia yako nyuma ya banda. Wewe binti, utajaza mwenyewe, kila gunia, kwa mikono yako."

"Nitamsaidia," alisema Zolbayar, "lakini nitamcheka njia nzima."

"Cheka," alisema Udval.

Akacheka kweli, kupanda kilima na kushuka, na ngamia mwenye nundu mbili akatembea kati yao na magunia yake, akitafuna kitu alichokuwa amekianza asubuhi. Lakini walipofika na kumkuta baba ameshavua joho katika baridi ile, akipiga mtaimbo peke yake, jasho likimfuka mgongoni, Zolbayar aliacha kucheka akashika koleo.

Walivunja gamba vipande vipande. Udval aliyabeba kifuani mabonge yale ya barafu na samadi, akayatupa nje ya ukuta, akarudi, akabeba mengine. Glavu zililowa, akazivua. Vidole viliuma, halafu vikafa ganzi, halafu vikaanza kuuma upya. Bibi alileta chai bila kuitwa na kuwanywesha wakiwa wamesimama. Walipofika kwenye udongo mgumu, mkavu, baba alimimina gunia la kwanza, na harufu ya kiangazi ikapanda kutoka kwenye ile samadi, harufu ya majani na jua, katikati ya siku isiyo na rangi.

"Bana," alisema baba.

Udval alichukua konzi akalibana. Likamponyoka kati ya vidole kama mchanga.

"Sasa mimina."

Theluji ilianza wakati wanatandaza gunia la mwisho. Haikuja na upepo. Ilishuka tu, manyoya makubwa, kimya, mpaka kilima kikapotea, na hema, na farasi mmoja mmoja, na ukabaki ulimwengu mdogo wenye ukuta wa mawe na watu wanne ndani yake. Kisha kutoka kwenye weupe ule wakasikika kondoo wakirudi nyumbani, kwanza sauti, baadaye vichwa.

Wenye nguvu walikwenda katikati kama desturi yao. Wanyonge walisukumwa hadi ukutani kama desturi yao. Sikio alifika konani akasimama. Aliinamisha pua, akanusa. Akazunguka mara moja. Sikio akakunja goti la kwanza, akasita, akakunja la pili, kisha akajishusha mzima mzima, na baada ya muda taya lake likaanza kwenda upande huu na upande ule. Alikuwa anacheua.

"Atazame sasa," alinong'ona Zolbayar. "Kama bibi harusi." Akampanda ngamia, akayeyuka kwenye theluji kabla hawajamshukuru.

Asubuhi dunia ilikuwa imefutwa. Udval aliamka kabla ya bibi kumvuta kidole. Alimkuta baba ameshasimama langoni, kondoo wakiinuka, kila mmoja na theluji mgongoni, na kila alipoinuka mmoja palibaki shimo jeusi lenye umbo lake, likifuka mvuke.

"Kondoo bado ni wako," alisema baba bila kumtazama. "Kona nayo ni yako. Mpaka uolewe. Na huko utakakoolewa, nitakuja kukagua."

"Ndiyo, baba."

Udval alichuchumaa mahali Sikio alipolala, akavua glavu, akaweka kiganja. Palikuwa pakavu, tena pana joto. Bibi Dulmaa akaja na fimbo yake, akasimama nyuma yake.

"Udval, mjukuu wangu," alisema, "sisi watu ulitudanganya tukala tukashiba. Baba yako hakukosa usingizi, wala mimi. Kondoo dume mkubwa hakukosa. Mwenye nguvu akikuta pabaya, huhama akajitafutia pazuri. Kazi uliyoilipua ilimngoja yule asiye na mahali pengine pa kwenda. Ndivyo ilivyo kwa kondoo, na kwa watu pia ndivyo ilivyo. Basi siku nyingine ukitaka kuifunika kazi mbovu, kazi yoyote, jiulize kwanza ni nani atakayelala juu yake."

Udval alibaki amechuchumaa vile vile, kiganja chini, mpaka lile joto la Sikio likaisha lote.